Mihuri tisa, na macho hayakuona kitu

Leo nina jambo linalonikera, na kwa kuwa nililisababisha mwenyewe, heri nilitoe hadharani kabla majirani zangu hawajanitolea.

Mwaka jana mtaani kwetu hapa Nairobi tulifanya siku ya utamaduni katika uwanja wa shule ya msingi. Kamati ilikuwa ya wazazi, nami nilikuwa mmoja wao. Tulipanga vibanda tisa. Kulikuwa na bibi mmoja kutoka Machakos aliyesuka vyondo, mzee wa nyatiti, akina mama waliosaga wimbi kwa jiwe, dada aliyekuna nazi kwa mbuzi, mfinyanzi na vyungu vyake, wacheza bao, na wengineo. Tatizo lilikuwa moja: watoto wangefikaje kwenye vibanda hivyo? Mwaka uliotangulia walikuwa wamejazana penye soda na lile jumba la upepo la kurukaruka, hata mfinyanzi akarudi kwao akiwa hajaulizwa swali hata moja.

Ndipo nikainua mkono mkutanoni. Nikasema, tuwape watoto kadi yenye visanduku tisa. Kila kibanda kipewe muhuri wake. Mtoto akifika, apigwe muhuri. Atakayekuwa wa kwanza kujaza kadi atapata mkoba mpya wa shule wenye madaftari na kalamu. Kamati ilipiga makofi. Mwenyekiti alisema mambo kama hayo ndiyo yanayofanywa ng'ambo, nami nikaenda nyumbani kifua mbele.

Siku ikafika. Kipenga kilipolia, watoto walitimka kama nyuki waliochokozwa mzinga. Wazazi walicheka, wengine wakapiga picha. Dakika ya kumi na nne kijana mmoja wa darasa la sita akanijia akihema, kadi imejaa. Nikampongeza. Kisha, kwa kutaka tu kuongea, nikamwuliza ameona nini huko vibandani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. Akainua kadi. "Nimeona tisa," akasema.

Nilikwenda kwa yule bibi wa vyondo. Katani yake ilikuwa mapajani, haijasokotwa hata uzi mmoja, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa na kazi ya kupiga muhuri tangu asubuhi. Vidole vilikuwa vyeusi kwa wino. Akaniuliza kwa upole, wala hakuwa na hasira, "Mwanangu, hawa watoto walikuwa wanatafuta nini kwangu?"

Msomaji, swali hilo limenikosesha raha mwaka mzima. Na sasa kamati inakutana tena. Wako wanaosema mchezo ule urudiwe kwa vile uwanja ulichangamka. Wako wanaosema michezo na zawadi zifutiliwe mbali, utamaduni si mbio. Mimi nimekaa katikati, na kabla sijaamua nimejaribu kutazama waliotutangulia katika mambo haya walifanyaje. Twende pamoja.

Kwanza, wazo la kadi si langu, ingawa siku ile nilijidai kuwa ni langu. Mwaka 1967 mji wa Montreal huko Kanada uliandaa maonyesho makubwa ya mataifa. Tikiti ya msimu ilitengenezwa kwa mfano wa pasipoti, na mgeni alipoingia katika banda la nchi fulani alipigwa muhuri wa nchi hiyo. Safari za wageni kuingia malangoni zilizidi milioni 50 katika muda wa miezi sita. Fikiria mtoto wa Kanada ambaye hajawahi kuvuka mpaka, akirudi nyumbani na kijitabu chenye mihuri ya nchi ishirini! Wazo hilo halikufa. Lilipofika Dubai, kwenye maonyesho ya Expo 2020 ambayo kwa sababu ya Korona yalianza Oktoba 2021 na kumalizika Machi 2022, kijitabu kilikuwa cha rangi ya manjano, na nchi zilizoshiriki zilipita 190. Kenya ilikuwapo, na Wakenya wengi wanaofanya kazi Ghuba walikwenda kuitazama.

Na huko nako yakatokea yaliyonitokea mimi. Ilisimuliwa wakati ule jinsi baadhi ya wageni walivyokimbilia meza ya muhuri, wakapigwa, wakatoka, bila hata kutupa jicho ukutani. Nilipolisoma jambo hilo nilifarijika kidogo, sitakuficha. Ukiwa umefanya kosa, ni afueni kujua kuwa wenye mabilioni nao wamelifanya.

Lakini kwa nini liwe hivyo? Mtoto yule yule ambaye nyumbani atakaa saa nzima akimtazama fundi akitengeneza redio, kwa nini ampite bibi anayesuka kiondo kama apitaye mti? Nadhani jibu moja limo katika uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1973. Wanasaikolojia watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walikwenda katika shule ya watoto wadogo iliyoko Chuo Kikuu cha Stanford. Wakachagua watoto waliopenda sana kuchora kwa kalamu za rangi. Wakawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe ikiwa wangechora. La pili walichora tu, kisha wakapewa cheti hicho bila kutarajia. La tatu hawakuahidiwa wala kupewa chochote.

Baada ya wiki moja au mbili kalamu ziliwekwa tena darasani, bila ahadi, kila mtoto afanye apendavyo. Wale walioahidiwa cheti sasa walichora kwa muda uliokuwa kama nusu tu ya wenzao. Wale waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo cheti chenyewe hakikuwa na sumu. Ahadi ndiyo iliyogeuza mchezo ukawa kibarua, na kibarua kikiisha malipo, nani atakirudia?

Nilipofikiria habari hiyo nikauona mkoba wangu wa shule kwa macho mapya. Nilikuwa nimewaahidi watoto ujira, tena ujira wa mbio. Sheria ya mchezo niliyoitunga ilisema wazi: atakayesimama kumsikiliza bibi atashindwa. Yule kijana wa darasa la sita hakuwa mtovu wa adabu. Alitii sheria yangu kuliko wenzake wote.

Je, basi tufute michezo? Hapo ndipo nisipokubaliana na wale wa upande wa pili katika kamati, na nitakupa ushahidi wangu, wa kwanza ukiwa wa maksai.

Mwaka 1906, mjini Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, kulikuwa na maonyesho ya mifugo na kuku. Maksai mnono aliteuliwa, na mgeni aliyetaka kucheza alilipa peni sita apewe tikiti. Alitakiwa kuandika jina lake, anwani yake, na uzito anaokisia wa nyama ya mnyama huyo baada ya kuchinjwa na kutayarishwa. Waliokaribia zaidi walipata zawadi. Mchezo ni huo tu. Mtaalamu mmoja, Francis Galton (ambaye mawazo yake kuhusu kuchagua uzao bora wa binadamu siyapendi hata kidogo), aliomba tikiti hizo zilipokwisha kazi yake, akaondoa zisizosomeka, akabaki na 787. Alipozipanga kutoka ndogo hadi kubwa, kadirio lililoangukia katikati kabisa lilikuwa ratili 1,207. Uzito wa kweli ulikuwa ratili 1,198. Umati wa wachinjaji, wakulima na watu wa kawaida ulikosea kwa sehemu isiyofika hata moja kwa mia.

Wataalamu wa hesabu wamelizungumzia tukio hilo zaidi ya miaka mia moja, kila mmoja akistaajabia busara ya umati. Mimi nastaajabia kitu kingine. Natazama watu karibu mia nane wakimzunguka maksai mmoja. Wanamtazama mgongo, wanapima kifua kwa jicho, wanabishana na jirani. Pengine mzee mmoja anamwambia kijana, "Usidanganywe na tumbo, tazama mapaja." Zawadi ilikuwapo, tena watu walilipa ili waiwanie, lakini hapakuwa na njia ya kuifikia isipokuwa kupitia kwa maksai mwenyewe. Kumtazama ndiko kucheza. Ukimpita mbio huna cha kuandika kwenye tikiti.

Ukienda kwenye maonyesho ya kilimo pale Jamhuri Park, utaona watoto wa shule wakishushwa kwa mabasi na kupangwa foleni mbele ya fahali mwenye utepe shingoni. Mtoto anajua kwamba fahali ameshinda. Ameshinda kwa nini? Mwalimu hajui, mchungaji wake amekwenda kunywa chai, na foleni inasukumwa mbele. Chama kinachoandaa maonyesho hayo kilianzishwa 1901, kwa hiyo hakikosi uzoefu. Natamani siku moja niwaone watoto hao wamepewa vikaratasi wakisie fahali yule ana uzito wa kilo ngapi. Nawahakikishia kwamba mchungaji hatapata nafasi ya kunywa chai.

(Hapa nikukumbushe, msomaji, kwamba si kila mchezo unaovuta umati una heri. Nje ya lango la maonyesho ya aina hiyo, tangu nikiwa kijana, wamekuwapo wale jamaa wa pata potea na karata zao tatu. Nao pia huwafanya watu watazame sana, hata nauli ikapotea. Popote mtoto anapotakiwa kutoa pesa ili acheze, mimi huingiwa na wasiwasi, na peni sita za Plymouth nazo singeziruhusu shuleni.)

Ushahidi wangu wa pili uko karibu nasi. Kila mwaka katika Mfungo Sita, Lamu hujaa wageni wa Maulidi. Huja kutoka mwambao wote, na wengine hutoka ng'ambo. Kiini chake ni ibada na kaswida katika Msikiti wa Riyadha, na hicho si cha kuchezewa. Lakini pembeni yake siku hizo huwa na mashindano: mbio za punda, mbio za majahazi, kuogelea, bao. Mgeni kutoka bara ambaye hajui lolote kuhusu Lamu husimama ufukoni akipiga kelele kumshangilia mvulana asiyemjua juu ya punda asiyemjua.

Angalia jinsi mashindano hayo yalivyoundwa. Hakuna aliyekaa ofisini akabuni punda. Lamu ni mji wa vichochoro ambamo gari halipiti, na punda ndiye lori, ndiye mkokoteni. Mvulana anayeshinda mbio zile jana yake alikuwa akibeba mawe na saruji na punda huyo huyo. Nahodha anayeshinda kwa jahazi anajua kugeuza tanga kwa sababu ndiyo kazi yake. Na bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, halikuletwa kwa ajili ya tamasha. Wazee hulicheza barazani siku zote. Mgeni anapofuata mchezo anajikuta amejifunza mji unavyoishi, bila kupigwa muhuri popote.

Lipo shindano jingine huko ambalo halina vumbi wala kelele, nalo ndilo ninalolipenda zaidi. Tangu 1987 kuna kituo cha kuwatibu punda Lamu, kilichofunguliwa na shirika la Uingereza linalowahudumia wanyama hao. Kituo hicho kimekuwa kikitoa zawadi kwa punda waliotunzwa vyema. Hapa mwenye mbio hana faida. Majaji hutazama ngozi, kwato, na kama kuna vidonda mgongoni vya kusuguliwa na mzigo. Kidonda cha mgongoni hakiponi kwa usiku mmoja. Anayetaka zawadi hiyo hana budi kuanza kucheza miezi mingi kabla, kila siku anapomfunga na kumfungua punda wake. Mtu akikuuliza kama zawadi zinaweza kujenga, mpeleke huko.

Kwa hiyo, msomaji, nilipomaliza kuyapima hayo niliona kwamba kosa langu halikuwa kuwachezesha watoto. Niliwapa mchezo ambao ungeweza kuchezwa hivyo hivyo hata kama mahali pa bibi pangewekwa gunia lenye muhuri juu yake. Huo ndio mtihani ninaoutumia sasa kila mtu anaponiletea wazo la kuchangamsha sherehe, iwe ya shule, ya kanisa au ya ukoo: mtoe mwenye kibanda, weka gunia, uone kama mchezo utaendelea. Ukiendelea, utupe.

Kujua kosa ni jambo moja. Kumrudia uliyemkosea ni jambo jingine. Kamati ilinituma mimi, na ni haki yao, nikamwombe yule bibi aje tena mwaka huu. Jumamosi moja nikapanda matatu hadi Machakos. Nilimkuta nyumbani kwake chini ya mwembe, anasokota katani pajani, uzi unatoka laini kama umetoka kiwandani. Nikakaribishwa kigoda, nikapewa chai. Nikaomba radhi. Nikamweleza habari za maksai, na akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso.

Kisha akawa mkali kidogo. "Mimi kukaa bila mteja siogopi," akasema. "Sokoni mtu akinipita, najua hataki kiondo, na hilo si kosa. Wale watoto wenu walisimama mbele yangu mia moja na zaidi, na hakuna aliyenisalimia. Mimi ni susu yao. Mliwafundisha kunipita wakiwa wamesimama."

Sikuwa na jibu. Nikanywa chai.

Akatoa sharti lake. Kwake hakuna muhuri. Mtoto atakayefika atasalimu, atakaa chini, atasokota uzi wa urefu wa dhiraa moja, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Uzi huo ndio utakaofungwa kwenye kadi yake, mbovu au mzuri. Nikamwambia kwa tahadhari, "Mama, kwa mtoto wa mjini kazi hiyo inaweza kuchukua robo saa. Hawatamaliza vibanda tisa."

"Basi wasimalize."

Nilirudi na maneno hayo kwenye kamati, na hayakupita kirahisi. Mweka hazina alihofu kwamba foleni zitakuwa ndefu na wadogo watalia. Ni kweli, na tumekubaliana kuwa kila kibanda kiwe na mikeka na wasaidizi watatu kutoka darasa la nane la zamani, yaani vijana ambao sasa wako sekondari. Mama mmoja aliuliza itakuwaje kwa mtoto asiyeweza kutumia mkono mmoja. Tumepanga ashike ncha huku mwenzake akisokota, na uzi uwe wa wote wawili. Mbio tumezifuta. Mtoto atachagua vibanda vitatu anavyovitaka. Kwa wimbi, atasaga kiasi cha kujaza kijiko. Kwa nyatiti, mzee atapiga midundo miwili naye aieleze ni ipi ya furaha, au angalau ajaribu. Mkoba haujaahidiwa mtu yeyote. Kama kuna kitu kitatolewa, kitatolewa mwishoni bila kutangazwa, na tafadhali msomaji uliye jirani yangu, usimwambie mwanao.

Shindano la wazi limebaki moja, nalo nimeliiba kutoka Plymouth. Bibi anasuka kiondo kimoja kikubwa, na watoto watakisia kimekula dhiraa ngapi za uzi. Tikiti ni ya bure. Anayetaka kukaribia jibu itambidi akae karibu, ahesabu mizunguko, ashike uzi, na zaidi ya yote aulize. Sanduku litafunguliwa saa kumi jioni, na kiondo kitabaki shuleni.

Kulikuwa na kasoro moja tuliyoigundua baadaye. Tulimpigia bibi simu ili atupe jibu, mwenyekiti aliandike na kulifungia kabatini. Akasema halijui. Miaka yote hiyo ya kusuka hajawahi kupima. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Basi mweka hazina amenunua utepe wa fundi cherehani, nami nimempelekea. Bibi ameanza kiondo upya huku akiandika kwenye daftari la mjukuu wake. Nilipozungumza naye juzi alikuwa amepita dhiraa 100, na alikuwa bado kwenye kitako.